Kamba ya Kupandia Imekwenda Dar

Kibiti, umande haujakauka. Bi Mwanasiti Sadala amesimama chini ya mnazi, shingo ameiinua, macho hayabanduki kwenye nyayo za mumewe. Nazi inaanguka, puu.

"Zatosha, Baba Salwa. Shuka."

"Bado hizi mbili. Nikiziacha utanilaumu."

Bi Mwanasiti anasogea karibu na shina. Mwaka jana mumewe huyu, Mzee Zaidi, aliteleza kwenye mnazi huohuo, akaangukia mihogoni, akauguzwa tangu mavuno ya mpunga hadi mvua za vuli. Sasa kila akipanda, mkewe huacha kinu akaja kusimama hapa, utadhani akianguka atamdaka.

Nazi hizo ni za vikapu vyake vya kuuza. Kila kikapu cha ukindu kina kitoweo kizima: kisamvu kilichotwangwa kikachemshwa, nazi, kamba wakavu wa huko delta, mto unakoingia baharini, kitunguu na ndimu. Abiria wa mabasi ya Lindi huvinunua stendi kwa shilingi mia tano. Mtu akifika kwake Dar es Salaam, kazi yake ni kuwasha moto tu.

Tangu serikali iruhusu biashara huria, Dar imejaa supamaketi, maduka makubwa ambayo mteja hujichukulia mwenyewe rafuni. Salama, anayelinunulia bidhaa duka mojawapo, alinunua kikapu safarini, akapika, akarudi mwezi uliopita kumtafuta aliyekitengeneza.

"Mama, juu yake tuandike 'chakula cha watu wanne'."

Bi Mwanasiti akainamia kinu chake. Kwao watu hawahesabiwi, sembuse walioketi kwenye sinia. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, atakwambia wapo, wanacheza.

"Andika lingine, mwanangu. Ukishasema wanne, wa tano akipiga hodi utamwambia nini?"

"Sasa mteja atajuaje, mama?"

Mzee Zaidi alikuwa pembeni anafua nazi. "Si umuulize ana sufuria gani?"

Salama alicheka hata akajikalia mkekani. Akaondoka na vikapu vya kujaribia, vingine vimeandikwa Sufuria Ndogo, vingine Sufuria Kubwa.

Siku zile Bi Mwanasiti hakupata raha. Vikinunuliwa, atapata fedha ya kununua nazi kwa vijana wakwezi wa Dimani. Visiponunuliwa, mzee atapanda tena.

Juzi, pale stendi, kondakta Sufiani alimwita kutoka dirisha la basi. "Bibi, Dada Salama anasema vimekwisha. Anataka sitini kila Alhamisi."

Bi Mwanasiti akaketi palepale juu ya gunia la mtu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Leo ndiyo Alhamisi yenyewe. Mchana, stendi, tenga la kwanza la vikapu linapandishwa juu ya basi, limekazwa kamba barabara. Mzee Zaidi analitazama, anasogea, anatazama tena.

"Mama Salwa, ile si kamba yangu ya kupandia?"

"Ndiyo hiyo."

"Kesho nitapandia nini?"

"Kesho utafua nazi. Kupanda kuna vijana, nimekwisha patana nao."

"Watanicheka."

"Wakucheke ukiwa chini, niwasikie vizuri."

Basi linaondoka. Akiulizwa fedha ya supamaketi ataifanyia nini, Bi Mwanasiti hataji bati wala redio.

"Nataka tuzeeke mkeka mmoja," asema. "Nikitaka kumtazama, nisiinue shingo."

Mzee Zaidi bado ameikodolea barabara.

"Ilikuwa kamba nzuri ile," anasema.

"Ndiyo maana nimefungia tenga," mkewe anamjibu, na kumshika mkono warudi nyumbani.