Wanu na Chipu ya Ndiyo na Siyo

Tangu apasuliwe shingo, sauti ya Wanu haivuki kizingiti. Na hapa Unguja mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi zake. Basi mjane huyu wa Malindi alipiga hodi zake tatu, haitikiwi, anarudi, na kesho yake anasikia watu wakisema ameingia maringo, hatembelei mtu. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Wanu alikasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo.

Redio ya kuzungumza na watu wa mbali alianza nayo zamani, na leseni anayo. Lakini sasa hata maikrofoni haikumsikia. Kaka yake Gharib, mwenye kauli katika nyumba ile ya urithi, akaona amepata sababu: waya wa antena juu ya paa ukatwe. Kwanza alisingizia radi, kisha macho ya majirani. Mwisho akalitoa la moyoni, kwamba redio ni ya mwenye sauti.

Wanu akamwekea sharti. Ijumaa baada ya sala ataita, na Jaku, fundi umeme wa Nungwi na mwenzake wa redioni, asipomsikia, Gharib aukate waya kwa mkono wake.

Alichokosa ni kikuza sauti tu, cha kuitia nguvu sauti ya maikrofoni kabla haijaingia redioni. Alikitafuta maduka yote ya sokoni Darajani asikipate. Alichokuwa nacho ni chipu aliyoing'oa kwenye king'ora kibovu, ya kazi za kidijitali, inayojua maneno mawili basi. Ukiipa ndiyo inakurudishia siyo, ukiipa siyo inakurudishia ndiyo. Wenzake wa redio walimcheka kwenye kundi la simu, wakaandika kwamba chipu ya namna hiyo haikuumbwa kwa sauti.

"Na miye sikuumbwa bubu," akawajibu.

Akaunga rezista, kile kipande cha kuubana umeme, kutoka mlango wa kutokea wa chipu kurudi mlango wa kuingilia, ili jibu lake liwe linalirudia swali lenyewe. Hapo haiwezi tena kushikilia ndiyo wala siyo; hutulia katikati, nyepesi kama mizani ya sonara, mnong'ono ukiigusa inacheza, na mchezo wake hutoka mkubwa kuliko mnong'ono wenyewe. Lakini alipojaribu, ililia mluzi mtupu. Kwa hamaki alikuwa amezifuatanisha kwa mpigo hatua tatu za chipu, yaani vigeuza-jibu vitatu vilivyomo ndani yake, zikawa zinapandishana sauti. Akaibandua lehemu, akaanza upya na hatua moja, huku akiitukana chipu matusi ambayo hata jirani wa ukuta mmoja hakuyasikia.

Ijumaa Gharib alipanda ghorofani na koleo mkononi. Wanu hakumpa kiti. Akabonyeza kitufe, akataja kituo chake, akamwita Jaku. Kimya. Akaita tena, na Gharib akaanza kupanda ngazi ya paa. Hofu ikamshika Wanu, maana waya ule ukikatwa hatabakiwa na mtu wa kumjibu. Akaileta maikrofoni mpaka mdomoni, akaita kwa pumzi zake zote.

"Nnakusikia toka mwanzo, Bi Wanu, mikono ilikuwa kazini," Jaku akajibu. "Usinipigie makelele, masikio yanauma."

Tangu apasuliwe, hakuna aliyewahi kumwambia anapiga kelele. Wanu akamtazama kaka yake pale ngazini, akabonyeza kitufe.

"Ntapiga," alisema. "Tena leo ntapiga mpaka magharibi."