Hodi za Chini ya Ukuta

Nyumba ninayokaa huku Mbagala ilikuwa ya mzungu mwenye shamba la minazi na ng'ombe, enzi za ukoloni. Bustani yake aliizungushia ukuta usioonekana. Alichimba handaki, akajenga ukuta wa mawe humo ndani, juu yake ukaishia usawa wa majani. Ng'ombe hawakuweza kupanda, naye akikaa barazani aliona shamba lote bila kizuizi. Alitaka kuona mbali, ila asitembelewe.

Shamba sasa limejaa nyumba, mpaka ndani ya handaki. Nikikaa barazani naona mabati tu, watu wako chini ya ukuta. Marehemu mume wangu alikuwa mtunzaji hapa, na alipofariki wenye nyumba wakaniachia vyumba vya nyuma. Mwanangu yuko Mwanza. Hupiga simu akikumbuka.

Jirani wa chini ni mama muuza vitumbua. Sijawahi kumwona uso, namjua kwa sauti na harufu ya iliki. Alasiri moja nilisikia, "Hodi." Nikaitika, "Karibu," nikainjika chai, nikabadili kanga. Hakuja mtu. Alikuwa mteja wake.

Nilijicheka, lakini kesho yake nikaitika tena. Ikawa mazoea. Wateja wakipiga hodi, mama anaitika kule na mimi naitika huku. Nilikuwa mpweke, na kutwa nzima hilo ndilo neno pekee nililopata la kumwambia mtu.

Siku moja mteja akauliza, "Mbona kama wanaitika wawili?"

"Wee, nyamaza," mama akasema. "Huko juu hakai mtu. Jini la ukutani hilo, mie hata usingizi sipati siku hizi."

Nilikasirika. Mtu mzima nafua, napika, nalipa umeme, halafu naitwa jini. Nikavaa viatu nizunguke kwa barabarani nikamweleze. Nilipofika getini nikasita. Mlangoni kwake ningelazimika kupiga hodi, na sauti hiyo angeitambua kabla hajaniona. Angekimbia na kikaango. Nikarudi ndani, na tangu siku hiyo hodi zikawa zinapita, nauma midomo.

Lakini hofu yao haikuisha. Alhamisi alasiri moshi wa ubani ulipanda mpaka barazani. Chini, shehe alikuwa akisoma na kina mama wakimwitikia. Akamwomba Mungu akiondoe kilichokaa juu ya ukuta, akipeleke mbali na watu, kisisikike tena. Alisoma vizuri, taratibu, kwa sauti ya upole, na ilikuwa muda mrefu sijasali na watu. Nilijikuta nimeinamisha kichwa, viganja nimevifungua, kama nilivyofundishwa chuoni utotoni. Dua ilipokwisha nikaitika pamoja nao, amina, polepole, wasije wakanisikia.