Mrithi wa Cheo cha Ayalandi

Hebu nisikilize, ndugu msomaji, maana bado nimejikasirikia. Mimi huwatembeza wageni kwenye mashamba ya chai hapa Kericho. Juzi mzee mmoja kutoka Ayalandi aliniambia kwamba binti yake wa pekee, aliyekuwa ameketi kando yake, hawezi kurithi cheo cha ukoo wao, kwa kuwa hurithiwa na wanaume tu. Kitaenda kwa binamu wa mbali. Nikawaka!

“Huo ni wizi, mzee! Sisi Wakipsigis, nyumba ikikosa mtoto wa kiume, mama huoa msichana, na mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba hiyo. Mama aoe! Huyo binamu asiambulie kitu!”

Binti alifunika uso. Mwanamume wa msafara wao aliyekuwa akitumiminia chai alitua birika kwa kishindo.

“Binamu mwenyewe ni mimi. Endelea kufundisha, mwalimu.”

Kabla hujawashauri wageni, muulize kila mmoja ni nani.