Nusu ya Mkopo

Fundi cherehani wa mtaa wa Mfaranyaki huongea polepole, na kila kitambaa hukipima mara mbili kabla ya kukikata. Mkopo aliouchukua pamoja na Bartolomeo, mshirika wake wa duka la sare za shule, aliulipa wote peke yake kwa miaka mitatu, hata nusu ya Bartolomeo, akishona hadi vidole vikaota sugu. Bartolomeo alipoiomba mahakama imtangaze muflisi, majirani walimshauri fundi aache kumdai. Yeye akavaa kitenge chake cha kanisani, akafunga risiti zote kwenye leso, akaenda kwa wakili aliyepewa kazi ya kuwagawia wadai mali ya Bartolomeo iliyobaki.

"Mama, wadai ni wengi," wakili alimwambia. "Utaambulia kidogo sana."

"Hicho kidogo ni changu, mwanangu. Niandike."

Akajaza fomu bila haraka, akairudia kuisoma, akatia sahihi. Alipogeuka alimwona Bartolomeo kwenye benchi la nyuma, kainamisha kichwa, shati limefumuka begani. Fundi alisimama mbele yake, akautazama mshono ule.

"Lete hilo shati kesho nilishone," alimwambia. "Ila nusu niliyokulipia siiachi, Bartolomeo."