Kiti cha Dirishani

Siku hizi nikimsikia mtu anajisifu kwamba anapanda ndege kila mara, huwa namuuliza swali moja tu: nani alikutuma? Miaka yote niliyopanda ndege, karibu kila abiria niliyekaa naye alikuwa ametumwa. Ametumwa na ofisi, na mgonjwa, na kanisa, au na hamu ya posho. Nasema karibu, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja wa Kibara, na ndiye anayenifanya nikae chini niandike.

Mimi nilitumwa na mdomo wangu. Nilikuwa nauza mbuzi mnadani Bunda, nikijulikana kwa mambo mawili: sikubali bei ya kwanza, na siamini kitu mpaka nimekihesabu mara mbili. Siku moja meneja wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, alinunua mbuzi kwangu, akaondoka, akafika njiani akagundua kwamba amelipa bei ya mbuzi mmoja na nusu. Akarudi. Nikajua leo ni ugomvi. Kumbe alikuja kuniajiri.

"Ndugu," aliniambia, "spea zinatutesa, na mtu kama wewe tunamwacha anahangaika na mbuzi."

Miaka ile ya Ujamaa spea haikununuliwa hivi hivi. Iliombwa, ikasubiriwa, ikabembelezwa. Ilikuwa kwenye bohari Dar es Salaam, na mwenye ufunguo wa bohari alikuwa mkutanoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni pake mpaka achoke kuniona. Na kwa kuwa mashine haisubiri basi la siku tatu, nilipelekwa kwa ndege: Musoma, Mwanza, Dar, kisha kurudi. Mara ya kwanza nilikishika kiti kwa mikono miwili. Mara ya pili nikaomba peremende mbili.

Shangazi yangu wa Butiama, aliyenilea tangu nikiwa mchungaji wa ng'ombe wake, hakuvutiwa. Tulipokuwa wadogo ndege ikipita kwenda Musoma tuliikimbiza mpaka tunagonga visiki, naye ndiye aliyetupaka dawa ya vidonda. Sasa aliniuliza, "Huko juu wanawapa nini?"

"Chai, shangazi. Na peremende."

"Wanakupandisha kote huko kwa peremende? Ungeniambia, ningekununulia."

Safari zikawa nyingi, nikaanza kuwajua wenzangu. Ile ndege ndogo ya Mwanza kwenda Musoma ilikuwa kama kibaraza cha jirani, sura zile zile. Kulikuwa na afisa mmoja wa mkoa ambaye ofisini kwake, kwa maelezo yake mwenyewe, kiti kilikuwa kibovu, kwa hiyo alipenda mikutano ya mbali yenye viti vizuri. Kulikuwa na sista wa misheni mwenye sanduku la dawa ambalo halikutoka mapajani mwake. Na kulikuwa na mama wa Kibara, mnene, kitenge kikubwa, mwenye mwanawe anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Mwanza. Wazazi wa wafanyakazi walipata tiketi kwa bei ya chini sana, naye aliitumia haki hiyo bila aibu. Kila alipokwenda kumsalimia mwanawe alirudi kwa ndege, na kila mara alikaa dirishani, upande wa kulia.

Hilo lilinikera kama mfanyabiashara. Kibara iko kati ya Mwanza na Musoma. Huyu mama alikuwa anaruka juu ya nyumba yake, anashuka Musoma, halafu anapanda basi la kurudi nyuma hadi Bunda, na kutoka Bunda lori la kwenda Kibara. Nilipiga hesabu, nikairudia. Haikukaa sawa hata mara moja, na kila tulipokutana nilimsomea njia ya majini, ya meli na kivuko, kwamba ni rahisi zaidi.

"Mama," nilimuuliza siku moja, "huoni kwamba unalipa ili upitilize kwako?"

"Naona," alisema. "Napendaga tu." Akageukia dirisha, na hapo maongezi yakaisha.

Sasa ulikuja mwaka ambao beringi kubwa ya jineri ilivunjika katikati ya msimu. Mashine ikasimama. Maghala ya Bunda yakajaa, yakaacha kupokea, na huko Mugeta, kijijini kwetu, pamba ikabaki nje kwenye chanja na maturubai machache, haijanunuliwa. Mama yangu mzazi alikuwa na lundo lake pale. Pamba yake ilikuwa safi, nyeupe, ameichambua kwa mkono majani yote. Lakini pamba safi ikinyeshewa inakuwa fifi, pamba ya daraja la chini, na bei ya fifi ni kama kuambiwa pole. Mwaka mzima wa jembe lake ulikuwa umelala pale nje, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kuonyesha wingu.

Nilikwenda Dar, nikakaa mlangoni pa bohari, mwenye ufunguo akachoka kuniona mapema kuliko kawaida. Nikapewa beringi na shafti yake. Ilikuwa nzito kama mtoto wa shule. Nikafika nayo Mwanza, nikaambiwa mvua imeshavunja daraja, barabara ya Bunda haipitiki. Imebaki ndege ndogo ya Musoma, ambako gari la jineri lingenipokea. Ndege iliyofuata ilikuwa ya wiki inayokuja.

Uwanjani, bwana wa mizani alitupima sote kama pamba, mtu na mzigo wake. Akaandika, akajumlisha, akatikisa kichwa.

"Imezidi. Chuma hiki kinabaki."

"Rudia kupima," nikamwambia.

Akarudia. Mara ya pili ikazidi zaidi, kwa sababu afisa alikuwa ameshakunywa soda.

Nikaanza biashara. Nilivua viatu na koti, nikaacha begi langu lote. Haikutosha. Nikamgeukia afisa, aliyekuwa na katoni mbili za sabuni, kitu ambacho Musoma hakikuonekana dukani tangu mwezi wa Ramadhani.

"Ndugu afisa, acha sabuni ije wiki ijayo."

"Hii ni sabuni ya ofisi, ndugu."

"Ofisi yenu ina watu wachafu kiasi hicho?"

Bwana wa mizani alicheka, afisa akanuna, lakini katoni zote mbili zikashuka. Sista hakungoja kuombwa. Alikumbatia dawa zake, akasukuma sanduku la nguo kwa mguu. "Nitafua hii niliyovaa," alisema. Tukapima tena. Bado. Rubani alichungulia, akatazama ziwani, kule wingu lilikokuwa limeshuka mpaka kwenye maji, akasema dakika kumi, baada ya hapo anaondoka na walio tayari.

Nikamwambia bwana wa mizani nibaki mimi, chuma kiende. Akasema mzigo usio na abiria wake haupandi, ndio utaratibu. Nikaishiwa.

Mama wa Kibara alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote, mkoba mapajani. "Hiki chuma ni cha nini?" aliuliza.

Nikamweleza: jineri, Mugeta, lundo la mama yangu, mvua.

"Na mimi nimelimaga pamba," alisema. Akasimama, akajitazama kutoka kifuani mpaka miguuni. "Mnahangaika na sabuni na masanduku, na mzigo wenyewe mnaogopa kuutaja. Nishusheni mimi."

"Mama, barabara imekatika. Utafikaje?"

"Kuna meli ya Ukerewe. Nikifika kule nakuja na kivuko mpaka Kisorya. Kwetu ni hapo tu. Si ndiyo njia uliyokuwaga unanisomea kila siku kwamba ni rahisi?"

Afisa alisikia hivyo, akanyoosha mkono polepole kuelekea katoni zake.

"Sabuni ibaki hapo, baba," mama alimwambia bila kugeuka. "Nitaisindikiza mimi. Nikiishiwa njiani naoga nayo."

Kisha akanishika mkono, akanivuta kando, na uso wake ukabadilika. Hapo ndipo aliponiambia. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, yeye na mumewe walihamishwa kutoka mji wao wa zamani, yaani boma lao huko ndani ya rasi, wakapangwa kwenye mstari wa nyumba karibu na barabara. Mumewe hakukaa sana kijijini. Alifariki, akarudishwa kuzikwa kule kule mahameni. Sasa pale chini ni magugu, ukienda kwa miguu huoni mbele wala nyuma. "Lakini ukiwa juu," alisema, "minyaa ya ua wetu bado imezunguka, duara zima. Naona mlango wa boma ulipokuwa. Naona alipolala. Na kuna michungwa yake mitano. Watu wa mkaa wanaipitia. Kaa kiti changu, mkishavuka maji tazama. Kama ni mitano bado, nataka kujua. Kama ni minne, vilevile nijue."

Kwa hiyo ile haikuwa tiketi ya kupitiliza nyumba yake. Alikuwa akienda nyumbani.

Tulipaa wingu likitugusa mkia. Nilikaa dirishani bila viatu, beringi kati ya miguu. Maji yakaisha, rasi ikaanza, paa za bati za vijiji vipya zimenyooka kama meno. Halafu, ndani kidogo, nikaiona: pete ya kijani iliyokolea, upande mmoja wazi pale ng'ombe walipokuwa wakiingilia. Na ndani yake, miti. Niliihesabu. Mawingu yakafunga.

Jineri iliunguruma tena usiku ule ule. Malori yakaenda Mugeta yakitambaa kwenye tope, na sehemu kubwa ya pamba ikaondoka kabla ya mvua kubwa. Si yote, nisidanganye. Lakini lundo la mama yangu lilipokelewa likiwa safi, na nilikuwepo likipimwa, mara mbili, kwa gharama ya urafiki wangu na karani.

Mama yangu alipojua habari za kile kiti, alifunga jogoo miguu na kunijazia kikapu cha ulezi. "Mpelekee mwenzangu," alisema. "Usiende kupatana naye bei."

Nilimkuta Kibara akianika dagaa. Katoni za afisa zilikuwa zimeshapelekwa, moja ikiwa imefunguliwa kidogo. Alimpokea jogoo, akampima kwa mkono, akaridhika, kisha akaniangalia bila kuuliza.

"Mitano," nikasema.

"Umehesabu mara mbili?"

"Mama, ndege haikurudi nyuma. Mara moja tu."

Alimgeuza dagaa mmoja, akamgeuza wa pili. "Wewe, wa kuhesabu mara moja? Basi hujahesabu. Nenda kahesabu tena."

Nikaenda. Safari iliyofuata, na nyingine nyingi baada ya hapo, tulikaa pamoja upande wa kulia, yeye dirishani, mimi nikinyoosha shingo juu ya bega lake. Na alipokuwa hayupo, nilikaa mimi mahali pake na kumpelekea habari. Jineri ilipata mtu mwingine wa spea, na bado kila nilipopata sababu ya kwenda Mwanza nilirudi kwa ndege, kwa nauli yangu, nikashuka Musoma, nikapanda basi la kurudi nyuma. Watu wa Bunda walisema nimeanza kuringa. Shangazi alisema ni zile peremende.

Walipouliza nani ananituma, nilikuwa na jibu.