Asumini Mlangoni pa Hekalu

Watu wamefurika kutazama mayungiyungi bwawani, lakini kilichonisimamisha mlangoni pa hekalu hili la Wabudha, hapa Maryland, ni harufu ya asumini.

Nilikuwa mtoto. Mama, mtunga maua, alinituma nipeleke kikapu cha asumini kwa mtawa wa Kibudha mtaani kwetu. Nyumbani mdogo wangu alikuwa na homa kali, hata kulia hawezi tena. Madrasa tulionywa tusikaribie masanamu, nami niliamini kwamba nikivuka kizingiti cha hekalu lake, Mungu atamchukua mdogo wangu.

“Ingia, mwanangu,” mtawa aliniita. “Sakafu haiumi.”

“Siwezi, Babu. Mdogo wangu mgonjwa.”

Hakucheka. Alitoka peku hadi juani, akapokea kikapu kwa mikono miwili. “Basi kimbia ukamwangalie.”

Nilikimbia. Nilipofika mlangoni kwetu miguu iligoma kuingia. Nilisimama nikitega sikio, nisikie walau kilio.

“Dada, viatu utavivua leo au kesho?”

Ndiye huyu mdogo wangu, mvi kichwa kizima, amenileta kwa teksi yake kutoka mji wa Alexandria, jimbo jirani. Alhamdulillahi. Ninamshika bega, ninainama kuvivua.