Anko, Kahawa Moja!

Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye mgahawa wa mtaani kwetu, Harborne. Nilikuwa nimeagiza kwa programu ya simu ili nisiongee na mtu, mara harufu ya kahawa na maziwa matamu ya kopo ikanirudisha Singapore, nilipokuwa mdogo. Kule unaagiza kwa kupaza sauti.

"Leo unaagiza wewe," Mama aliniambia siku moja kwenye kibanda cha kahawa. "Muuzaji mwite anko, kila mtu humwita hivyo."

Nikanong'ona.

"Wewe, unamwambia siri?" Mama akauliza.

Nikavuta pumzi. "Anko! Kahawa moja, chai ya maziwa moja!"

Wazee wa meza ya jirani wakageuka, wakanipigia makofi. Anko akamimina chai kutoka juu kabisa, povu likafurika. Nikatamani kuagiza tena!

Asubuhi iliyofuata nilimwamsha Mama, viatu nimeshavaa.